Nilimfukuza Mama Naomi Kwenye Tuta

Vijana wangu mnaoanza kazi ya naibu wa chifu, mmekuja hapa nyumbani mara tatu mkitaka niwape siri za kazi. Mara ya kwanza niliwasimulia kesi ya punda aliyekula mbegu za mpunga, mkacheka mkaenda zenu. Mara ya pili niliwafundisha kuandika barua ya utambulisho. Mara ya tatu nilimtuma mke wangu awaambie nina homa. Sikuwa na homa. Nilijua mtaniuliza habari za wakati wa korona, kwa sababu huku kwetu, pande hizi za Garsen, watu husema mimi, Karisa, niliulinda mtaa wangu vizuri. Nawaandikia kwa kuwa si kweli, ama si kweli yote.

Nianze na kazi yenyewe, maana hata mimi nilianza nikiwa mzuri.

Aliyenifundisha ni Chifu Jillo, mkubwa wangu wa kwanza, mtu mwembamba aliyependa kutafuna njugu barazani. Wiki yangu ya kwanza alinichukua kwenda kwa mkulima mmoja aliyelima kwenye njia ya ng'ombe. Nilikuwa na barua mkononi na maneno yangu tayari. Tulipofika Jillo akaomba maji. Tukaletewa viti, tukaletewa maji, tukanywa. Yule mkulima akaanza kueleza mwenyewe, kwamba njia ya zamani imeliwa na mto mafuriko yalipokuja, ndiyo maana ng'ombe wamehamia kwake. Barua haikutolewa mfukoni.

Tukiwa tunarudi, Jillo aliniambia, "Ukifika kwa mtu na amri, usiitoe ukiwa umesimama. Omba maji. Maji yakija, umekaa. Ukishakaa, yeye atasema. Akimaliza kusema ndipo utajua kama amri yako inamhusu."

Basi nimekunywa maji miaka ishirini na sita. Maji ya mto, ya kisima, ya pampu, na siku moja kwa bibi mmoja haraka haraka nikapewa yaliyooshewa mchele. Niliyamaliza.

Makosa nilifanya pia, na mengine yalichekesha. Mwaka wa kwanza nilipopewa kipaza sauti nilikipenda kama redio mpya. Daktari wa mifugo alikuwa anakuja kuchanja mbuzi, nami nikazunguka kwa baiskeli nikitangaza: kesho saa mbili, chanjo, uwanjani, msikose. Neno mbuzi nililitaja, lakini upepo ulikuwa mkali. Asubuhi yake nilikuta akina mama wamepanga foleni na watoto mgongoni, na mbuzi wawili tu. Yule daktari alinitazama akaniuliza aanze na nani. Nilitaniwa kwa hilo mpaka nilipoota mvi.

Hayo ni makosa ya kusimulia. Lile lingine sijawahi kulisimulia.

Mama Naomi mnamjua. Ninyi mnamjua kama bibi anayekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na tuta, lile boma la udongo linalozuia mto usiingie mtaani. Mimi namjua tangu alipokuwa mpishi wa shule ya msingi. Watoto wangu wanne wote walikula mahindi na maharagwe kutoka kwenye sufuria yake. Jiko lilikuwa mawe matatu, kuni za mti wa mathenge, na chumba cha mabati kisicho na dirisha. Moshi ulimtoka kwenye nguo hata akiwa kanisani. Aliupumua miaka mingi, na alipoacha kazi moshi ukawa umeshafanya yake. Akipanda ngazi tatu za kanisa alisimama. Akiosha sahani alikaa kitako. Hospitali walimwambia mapafu yameharibika, ni ugonjwa sugu, haumwambukizi mtu na hauponi, lakini mtu huishi nao akijua namna.

Namna hiyo alifundishwa na Nesi Talaso wa zahanati yetu, binti wa Kiorma, mpole wa sauti na mkali wa maswali. Alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na alimpa kutembea. Ndiyo, kutembea kuliandikwa kwenye kadi kama dawa. Kila asubuhi apande kwenye tuta, aende mpaka pumzi ibane, asimame, avute hewa kwa pua, aitoe polepole na midomo imechongoka kama anayepoza uji, kisha aendelee. Siku za mwanzo aliishia kwenye mti wa mkoma wa kwanza, kama mwendo wa kutoka hapa kwangu hadi msikitini. Mwaka ulipoisha alikuwa anafika lango la shule na kurudi, na fimbo ameiweka begani. Wapishi wa siku hizi walimwekea kibao langoni apumzike. Aliwakagua sufuria akirudi.

Nayajua haya yote kwa sababu aliniambia mwenyewe. Shikeni hilo: nilijua.

Korona ilipokuja tuliitwa mkutanoni tukapewa maagizo. Wenye magonjwa sugu wasikutane na watu. Wanaokohoa waripotiwe. Soko lifungwe, mazishi yawe ya watu wachache. Nilirudi na katoni mbili za barakoa na kipaza sauti kipya. Nilikuwa na hofu. Nilikuwa na kitu kingine pia, na kwa kuwa nimesema nitaandika ukweli, nitakitaja: nilifurahia. Kwa miaka mingi watu walinisikiliza nusu nusu. Sasa nikipita kwa pikipiki, watu wanaingia ndani. Nikinyoosha kidole, mtu anapandisha barakoa. Sikuomba maji kwa mtu tena, na hakuna aliyenikaribisha, na mimi nikaona ndivyo kazi inavyopaswa kuwa.

Asubuhi moja mwenye kioski alinipigia simu. "Chifu, kuna mtu anakohoa juu ya tuta. Watu wameogopa."

Nilifika nikamkuta Mama Naomi amesimama karibu na mkoma wa pili, leso amejifunga puani na mdomoni, peke yake. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa karibu naye. Watu walikuwa chini, milangoni mwao, wamemkodolea macho. Alikuwa anakohoa kile kikohozi chake cha kila siku, ambacho mtaa mzima ulikijua kama unavyoijua adhana.

Nilisimamisha pikipiki mbali. Nikawasha kipaza sauti.

"Mama Naomi, simama hapo hapo. Wagonjwa wa kifua hawaruhusiwi kutoka. Rudi nyumbani. Usituletee ugonjwa mtaani."

Alishusha leso kidogo apate kusema. "Karisa," akasema, "mimi natembea tu... nesi ameni..."

Pumzi ikamkatikia hapo. Mtu wa kifua husema maneno matatu, akasimama, akasema mengine mawili. Ukitaka kumsikia lazima ungoje. Sikungoja.

"Nimesema rudi."

Alitia mkono kifuani akatoa kadi ya zahanati, akainyoosha kuelekea kwangu. "Imeandikwa... hapa..."

"Sishiki karatasi ya mtu," nikasema, bado nikiwa kwenye kipaza sauti, na mtaa wote ukasikia.

Aliinama akashika magoti avute hewa. Mimi nikadhani ananigomea. Nikawasha pikipiki nikamfuata nyuma, polepole, kutoka kwenye mkoma wa pili mpaka mlangoni kwake, kama mtu anayeswaga ng'ombe aliyeingia shamba la watu. Kila aliposimama kupumua nilipiga honi. Tulipopita kwenye nyumba ya pili kutoka kwake, mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake ndani akafunga mlango. Mama Naomi aliliona hilo. Huyo mwanamke alikuwa amekula chakula cha Mama Naomi shuleni.

Nilirudi ofisini nikiwa na moyo mweupe.

Mkidhani baada ya hapo nilimtupa, la. Nilimtunza, na hapo ndipo aibu inaponiingia zaidi. Niliwapanga majirani wamletee maji, unga na kuni, waviweke mlangoni waondoke. Nilikataza asifagie hata uwanja wake, kwa kuwa uwanja uko wazi na watu hupita. Binti yake Naomi alikuwa akifanya kazi Malindi, na barabara ilikuwa imefungwa, hangeweza kuja. Mama akawa hana la kufanya ila kukaa kitandani na kusikiliza redio ikimwambia kwamba watu wa kifua ndio wanaokufa kwanza. Hofu hiyo ilimaliza kazi niliyoianza. Hata nilipolegeza masharti, yeye mwenyewe hakutoka.

Kila wiki nilimpigia simu. Nilikuwa na fomu.

"Mama, una homa?"

"Sina."

"Chakula unakisikia ladha?"

"Nakisikia."

"Vizuri sana. Kaa hapo hapo."

Niliandika kwamba wagonjwa sugu wote wa mtaa wangu wako salama majumbani. Wiki hadi wiki majibu yake yalizidi kuwa mafupi, mwishowe akawa anaguna tu. Nikafikiri amenikasirikia. Kumbe kusema kulikuwa kunamchosha. Kwenye fomu yangu hapakuwa na swali la kutembea, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza lisilokuwa kwenye fomu.

Barabara ilipofunguliwa, Naomi alikuja. Siku hiyo hiyo alikwenda zahanati. Kliniki ya wagonjwa wa kifua ilikuwa imesimamishwa miezi yote hiyo, na Nesi Talaso alikuwa amehamishiwa kwenye mahema ya korona, lakini alikuja. Alinipitia ofisini. "Chifu, twende wote, wewe ndiye unayewajua watu wako."

Mama Naomi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Sitasahau miguu yake. Ile miguu iliyokuwa ikienda mpaka lango la shule ilikuwa imebaki mifupa na ngozi, na nyayo zimevimba. Ndoo ilikuwa kando ya kitanda, kwa sababu choo kiko nje na hakuweza tena kufika. Ndani mlikuwa na harufu ambayo mwanamke yule, aliyefua aproni yake kila jioni, hangeikubali hata siku moja.

Nesi alimwambia ainuke. Alijaribu mara mbili akarudi chini. Mara ya tatu, kwa kushika meza, alisimama. Akaambiwa aende mlangoni. Ni hatua sita. Alifika akashika mwimo wa mlango, mabega yanapanda na kushuka, midomo imekuwa ya kijivu. Nesi akamngojea. Alimngojea kwa muda mrefu bila kusema neno, na mimi nikaona jinsi inavyofanywa.

"Mama, uliacha lini kutembea?"

"Tangu... wafunge."

"Nani alikwambia usitembee?"

Naomi alikuwa amesimama kando ya jiko, mimi niko karibu na dirisha. Nilisema, "Serikali ilisema wagonjwa wakae nyumbani."

"Tuliambiwa wasikutane na watu," Nesi akasema. "Hatukuambiwa wasitembee. Tuta lile alfajiri halina mtu. Hata uwanja wake ungemtosha. Mapafu ya Mama hayaponi, Chifu, kinachomsaidia ni miguu. Miguu ikiwa na nguvu, pumzi kidogo inamtosha. Miguu ikilegea, inadai pumzi nyingi ambayo hana, basi anachoka, anakaa, na akikaa inalegea zaidi. Nani alimwambia?"

Mama Naomi alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananipa nafasi. Nilijua ananipa nafasi, na nilipandisha barakoa yangu vizuri puani, nikatazama nje.

Akainamisha kichwa. "Ni serikali," akasema.

Alinifichia. Mwanamke niliyemswaga mbele ya watu alitumia pumzi aliyokuwa amebakiwa nayo kunifichia, na mimi nikashukuru moyoni, tukaendelea na mambo mengine.

Mkitaka kujua jinsi mtu kama huyo anavyorudishwa, nimejifunza, na ni kazi mtakayoikuta kwa kuwa moshi bado uko majikoni. Hamwanzi na kutembea. Mnaanza na kiti. Asimame, akae, mara tano, apumzike, mara tano tena. Asishike pumzi anapoinuka, aitoe. Kisha mlangoni na kurudi. Kisha mpapai wa uwanjani. Kisha geti. Msimhesabie hatua kwa sauti, inamwaibisha. Msimsemeshe anapotembea, maana heshima itamlazimisha ajibu. Na msimfanyie kila kitu. Mwacheni apepete mchele wake, akunje nguo zake, hata kama mtachelewa.

Naomi alifanya hayo naye asubuhi, mimi nilikwenda jioni. Nesi alitwambia kuna wagonjwa wake wengine waliokuwa hali ile ile, wengine hawakufukuzwa na mtu yeyote, walijifungia wenyewe kwa woga. Wawili hawakuinuka tena. Mama Naomi aliinuka. Ilimchukua karibu mwaka kufika kwenye mkoma wa kwanza. Mvua zikaja, akaumwa kifua, akarudi kitandani wiki tatu, akaanza tena kwenye kiti. Lango la shule hajafika mpaka leo. Nesi alisema umri ule, nguvu nyingine ikiondoka hairudi.

Nikastaafu. Mliokuwepo mnakumbuka ile sherehe. Walichinja, wakanipa saa ya ukutani, na mzee wa kanisa akasema kwamba wakati wa korona Karisa alitufungia ndani kama mama anavyofungia kuku wake, ndiyo maana tupo. Watu wakapiga makofi. Mama Naomi aliletwa kwa pikipiki akakalishwa mbele. Na yeye alipiga makofi. Nilipokea saa nikasema asanteni.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake. Niliomba maji, nikakaa. Nilimwambia kwamba nilifanya vibaya siku ile kwenye tuta, na vibaya zaidi siku ile mbele ya nesi, na kwamba naomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavuta pumzi zake.

"Mimi unaniambia nini?" akasema. "Mimi nilikuwepo." Akapumzika. "Waambie wale wasiojua."

Nilitafuta njia ndogo kwanza. Nilikwenda zahanati nikamwambia Nesi Talaso. Alikuwa anapanga chupa kabatini, hakugeuka. "Nilijua, Chifu. Naomi alikuwa ameshaniambia kabla sijakupitia ofisini. Niliuliza mara mbili."

Kwenye baraza la mtaa nilichelewa miezi. Mara mafuriko, mara msiba, mara nimesahau miwani. Mwisho nilikwenda, lile baraza la mradi wa maji, nikaomba nafasi. Nilieleza yote, kuanzia simu ya kioski hadi neno lile nililolisema mbele ya nesi. Nilisema Mama Naomi hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza na nilijua, na kwamba miguu yake niliimaliza mimi, si korona. Watu walitazama chini. Yule mwanamke aliyefunga mlango alikuwepo, akawa anachora udongo kwa kidole cha mguu. Kisha mzee mmoja akasema kwa upole, "Hayo yamepita, Chifu. Wakati ule sote tulichanganyikiwa. Turudi kwenye maji." Wakarudi kwenye maji. Nilikaa chini.

Jioni nilimkuta Mama Naomi uwanjani, anapepeta mchele. Alikuwa ameshasikia.

"Walisema nini?" akaniuliza.

"Walisema yamepita."

Alipepeta mara mbili tatu, akatoa jiwe dogo akalitupa.

"Kwao yamepita," akasema.

Akaweka ungo chini, akashika mikono ya kiti, akainuka, akaingia ndani kuvuta dawa yake. Hakuniambia nisubiri wala niende. Nilikaa pale mpaka nikaona aibu ya kukaa, nikanyanyuka nikaenda nyumbani.